Bi Mwanakheir, Mkaguzi Aliyekaribishwa Asiingie

Wasifu wa marehemu Bi Mwanakheir Kheir Mkadam (1958–2025), uliosomwa nyumbani kwake Mwanakwerekwe baada ya khitma, Ijumaa tarehe 14 Februari 2025.

Marehemu Bi Mwanakheir alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 1958, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, katika nyumba ya ghorofa mbili ambayo leo nusu yake imeshaanguka. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Kheir Mkadam, mtu wa Tumbatu aliyekuja mjini akawa karani bandarini, na Bi Tahiya Kificho, aliyekuwa akishona kofia za mkono. Kofia zikimalizika, Mwanakheir ndiye aliyezipeleka kwa wenyewe. Mama yake alimfunza jambo moja kabla ya mengine yote: mlango wa mtu unapigwa hodi mara tatu, kwa sauti ya kusikika, nawe umesimama pembeni ili macho yako yasitangulie ndani. Ukikosa jibu, rudi ulikotoka. Akiwa na miaka saba alirudi na kofia ile ile mara nne kutoka kwa mzee mmoja wa Malindi.

"Hakusema karibu," alimwambia mama yake.

"Yule ni kiziwi, mwanangu!"

"Basi aje yeye apige hodi kwetu. Sisi tunasikia."

Alihitimu Qur'ani akiwa na miaka kumi. Alianza Skuli ya Vikokotoni mwaka 1965, akaendelea Haile Selassie na kumaliza kidato cha nne mwaka 1975. Mwaka uliofuata alijiunga na mafunzo ya uuguzi. Wenzake wote walitaka wodi ya wazazi, na yeye pia. Lakini alibishana na mkuu wa wauguzi mbele ya wagonjwa, kisa chake hakukumbuka tena, na kwa kumtia adabu akapelekwa wodi ya wagonjwa wa akili kwa mwezi mmoja. Alikaa miaka ishirini na mitano.

Aliyemfunza kazi huko alikuwa mgonjwa. Jina lake Bi Time Hamad. Kabla ya maradhi alikuwa akiuza vitumbua Darajani, na tangu ujana wake alisikia watu wasioonekana wakimsema. Asubuhi ya kwanza muuguzi mpya alimkabili na dawa mkononi, na Bi Time akafumba kinywa.

"Meza, bibi."

Bi Time akageuza uso.

"Bi Time, meza dawa, nna wagonjwa wengine wananingoja."

"Wewe mwenyeji wa wapi?" Bi Time akamuuliza.

"Kiponda."

"Na Kiponda hamjui hodi? Umeingia kwangu kama paka wa sokoni."

Mwanakheir akatazama. Kitanda cha chuma, shuka la hospitali, kikombe cha bati. Hapakuwa na mlango wala ukuta. Kitanda cha jirani kilikuwa mkono mmoja tu kutoka hapo. Akarudi nyuma hatua tatu, akasimama pembeni kama alivyofunzwa na mama yake, akasema, "Hodi."

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani. Lete hizo sumu zako."

Tangu siku ile hakukaribia kitanda cha mgonjwa yeyote bila ya kupiga hodi. Wenzake walimcheka mpaka wakamwita Bi Hodi, na mmoja alimuuliza kama hupiga hodi na chooni. Lakini baada ya mwaka mmoja wodi nzima ilikuwa ikipiga hodi, madaktari nao. Mtu asiyeachiwa kisu wala mshipi, mtu asiyeulizwa anataka kula nini, alibakiwa na neno moja lake mwenyewe la kutoa au kulizuia. Bi Mwanakheir aliamini hivyo maisha yake yote, na lililomkuta baadaye lilitokana na imani hiyo.

Aliolewa tarehe 18 Juni 1983 na marehemu Bwana Khatib Borafya, fundi wa redio wa Mkunazini. Hawakuwahi kusikiwa wakigombana, isipokuwa juu ya taarifa ya habari ya saa mbili. Wiki ya kwanza ya ndoa bwana harusi alisikia sauti nje ya chumba.

"Hodi."

"Mwanakheir! Unapiga hodi chumbani kwako?"

"Kazi imeshanshika, Khatib. Sema karibu niingie, mikono imejaa chai."

Walijaaliwa watoto watatu, Maryam, Anuar na Hamid, na mwaka 1996 wakahamia Mwanakwerekwe, katika nyumba hii tuliyokaa leo, waliyoijenga chumba baada ya chumba na kuiandikisha kwa jina lake yeye. Bwana Khatib alifariki kwa maradhi ya moyo mwaka 2012.

Mwaka 2004 Bi Mwanakheir alihamishiwa idara inayokagua nyumba za kulea wazee. Nyumba za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuota kisiwani. Watoto wako Maskati, wengine Dar, wengine hotelini Kiwengwa kutwa na kucha, na mzee aliyepotewa na akili hawezi kuachwa peke yake. Mtu mwenye vyumba vitano huwachukua wanane. Wengi wao walikuwa watu wema. Hata hivyo kwa sheria za wakati ule hazikuwa hospitali wala vituo, zilikuwa majumba ya watu, na nyumba ya mtu ni sitara yake. Kwa hiyo muongozo wa ukaguzi, kurasa mbili tu, ulisema hivi: mkaguzi ataingia kwa ruhusa ya mwenye nyumba, au ya mtu mzima mwenye akili timamu anayemwakilisha.

Hakuna aliyeandika sentensi hiyo kwa ubaya. Iliandikwa na watu wenye adabu, na Bi Mwanakheir alipoisoma mara ya kwanza aliona ni nzuri.

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2009, saa nne asubuhi, alifika kwenye nyumba moja ya pembezoni mwa Bwejuu akiwa na marehemu Sheha Ubwa, kiongozi wa serikali wa mtaa ule. Jina la mwenye nyumba familia imeliacha. Humo ndani walikuwemo wazee sita, na mmoja wao alikuwa Bi Time, sasa ana miaka sabini na mbili, aliyehamishiwa huko na jamaa zake baada ya kutoka wodini. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo la nje. Halikuwa na kufuli. Lilikuwa komeo la kawaida, la kusukuma kwa kidole.

Bi Mwanakheir akasimama pembeni. "Hodi."

Hawakujibiwa.

"Hodi hapa!"

Jirani mmoja akapita akiwa na ndoo kichwani, akasema wenyewe wamekwenda harusini Kiwengwa tangu alfajiri, kesho watarudi.

"Hodi!"

Ndipo ikaja sauti kutoka ndani, nyembamba na kavu, kwa chini kabisa, kama ya mtu aliyelala sakafuni nyuma ya mlango.

"Karibu."

Aliijua. Angeijua popote.

"Bi Time? Ni mimi, Mwanakheir. Vipi hali?"

"Nnaungua homa, mwanangu. Karibu. Komeo liko huko kwenu."

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya komeo. Sheha Ubwa, mtu mzuri, aliyezika nusu ya maiti wa shehia yake kwa mikono yake, alikohoa kidogo.

"Bi Mwanakheir. Mwenyewe hayupo."

"Sheha, si umesikia? Tumekaribishwa."

"Nimesikia. Lakini karatasi yako inasemaje? Tukiingia nyumba ya mtu kwa karibu ya mwenye maradhi ya akili, kesho nani atatufungulia? Watafunga wote. Na mimi hapa ndiye n'takayebaki nao."

Bi Mwanakheir akaisoma karatasi yake ya muongozo pale pale juani, kama kwamba maneno yangebadilika. Mtu mzima mwenye akili timamu. Yeye ndiye aliyejaza fomu ya Bi Time ya kutoka wodini, na katika nafasi ya maradhi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake kwamba hana akili timamu.

Ndani, sauti ikasema tena: "Karibu."

Akaondoa mkono. Akamwambia Bi Time asubiri kidogo, wanakwenda kumtafuta mwenye nyumba. Wakapiga simu, haikupokelewa. Wakangoja hadi adhuhuri, kisha gari la idara likatakiwa mjini. Kwenye fomu aliandika: "Hatukupata ruhusa ya kuingia."

Mwenye nyumba alirudi Alhamisi mchana, akampeleka Bi Time hospitali jioni ile ile. Bi Time alifariki Ijumaa. Bi Mwanakheir aliporudi Bwejuu Jumatatu alikaribishwa vizuri mno, kwa chai na mikate ya kumimina, na mwenye nyumba alilia kwa kweli alipokuwa akieleza. Hakuwa amevunja kanuni yoyote, kwa kuwa hapakuwa na kanuni iliyosema wazee waachwe peke yao kwa muda gani. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na nafasi ya kuandika idadi ya vyandarua. Bi Mwanakheir akaandika sita.

Mume wake alimuuliza kama Bi Time angepona lau angefikishwa hospitali siku ile ya Jumatano.

"Sijui, Khatib. Na ndiyo itakayonila hii, kuwa sijui."

Kuanzia hapo alikuwa na shabaha moja. Mwaka 2010 aliandika rasimu ya kanuni mpya, na kifungu cha sita kilikuwa chake tangu neno la kwanza mpaka la mwisho: "Karibu ya mgonjwa ni karibu. Mkaguzi akikaribishwa na yeyote anayelala ndani ya nyumba hiyo, ataingia." Hakuwa na haja ya zaidi ya hapo. Hakuomba askari, kufungia watu biashara wala kuvunja sitara ya mtu. Aliomba tu neno la mzee mgonjwa lihesabiwe kuwa ni neno.

Kikao cha kwanza mjumbe mmoja alimuuliza: "Bi Mwanakheir, huyo mwenda wazimu leo kakwambia karibu, kesho atakwambia toka. Utafuata lipi?"

"Yote mawili," akajibu.

Watu wakacheka, na kikao kikaahirishwa. Rasimu ilirudi mezani mwaka 2013, kifungu cha sita kikiwa kimesogezwa kuwa cha tisa. Ilirudi mwaka 2016, na kifungu kilikuwa kiambatisho. Kila mara aliambiwa hoja yake ni nzito na inafanyiwa kazi. Aliyeandika wasifu huu ameyaona mafaili hayo, na katika miaka minane hakuna hata ukurasa mmoja uliosema hapana. Wangesema hapana angepata wa kubishana naye. Alijibiwa kwa heshima mpaka mvi zikamwota.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia, aliamua kutoondoka. Akikuta komeo la nje na mwenyewe hayupo, alikaa barazani. Kiwengwa alikaa saa saba, na kwa muda wote huo alizungumza na waliomo ndani kupitia mlangoni, akiwauliza wamekula nini, nani anaumwa, nani amekuja kuwatazama. Aliandika yote kwenye daftari. Madereva wa idara walimkwepa. "Leo nakwenda na nani? Bi Hodi? Basi n'takula huko huko na kulala huko huko." Msichana mmoja tu, Amne, aliyeajiriwa mwaka 2015, ndiye aliyekuwa akiomba kwenda naye. Bi Mwanakheir alistaafu tarehe 3 Machi 2018. Kwenye hafla alipewa saa ya ukutani, na alipoulizwa neno lake la mwisho kwa wafanyakazi alisema: "Kifungu cha sita." Wakapiga makofi.

Maradhi yalianza mwaka 2021. Siku moja Maryam alimkuta mama yake jikoni na kalamu.

"Wakaazi wangapi hapa?"

"Wanne, mama."

"Vyandarua?"

"Mama, hapa ni kwetu."

"Najua ni kwenu. Nimeuliza vyandarua."

Mwezi Julai daktari alithibitisha kuwa ni maradhi ya kusahau, yale yale aliyoyauguza kwa wengine miaka ishirini na mitano. Kwa muda fulani alijua. Alimwambia Maryam, kwa ule utulivu wake wa wodini, yatakayofuata na kwa mpangilio gani, na hakukosea hata moja. Mwaka 2023 alianza kutoka asubuhi kwenda kazini. Alivaa, akajitanda, akatembea kwa miguu mpaka mjini, akasimama mbele ya ofisi yake ya zamani akingoja ifunguliwe. Mara nyingine hakufika. Wauza mboga wa sokoni hapa walimrudisha mara nyingi sana, na familia inawashukuru. Mara moja alipatikana wakati wa magharibi, viatu hana, miguu inatoka damu.

Maryam ni mwalimu wa skuli, na Anuar yuko hotelini, hurudi Ijumaa. Hamid yuko Maskati. Maryam alizitazama nyumba tatu za kulea wazee, na katika mojawapo alikuta cheti ukutani chenye saini ya mama yake, cha mwaka 2007, hakijakaguliwa upya tangu yeye astaafu. Alichungulia chumba cha nyuma, akaona hawezi kumwacha mama yake humo, akarudi nyumbani. Mwezi Septemba 2024 alimwita fundi, akatia komeo upande wa nje wa mlango wa mbele. Lilifungwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, siku za skuli. Maryam mwenyewe ndiye aliyetaka jambo hili liandikwe na lisomwe mbele yenu. Hakuna aliyekuwa na njia nyingine ya kumwonesha, na hakuna ofisi iliyokuja kuuliza.

Jumatatu iliyopita, tarehe 10 Februari, saa nne asubuhi, Amne alipita kumjulia hali mwalimu wake. Sasa yeye ndiye mkaguzi, na alikuwa njiani kwenda Bwejuu na mafaili yake. Alikuta komeo. Alisimama pembeni, akapiga hodi. Akapiga ya pili. Kwa ya tatu akasikia kutoka chini, nyuma ya mlango:

"Karibu. Komeo liko huko kwenu."

Amne anasema hakufikiri. Alisukuma kwa kidole.

Bi Mwanakheir alikuwa sakafuni, upande mmoja wa mwili umelegea, mdomo umekwenda kando. Hajulikani alianguka saa ngapi. Amne alimweka kichwa mapajani, akampigia simu Maryam, akaita majirani. Mwaka mzima Bi Mwanakheir hakuwa amemtambua. Siku ile alimtazama kitambulisho kifuani, akakunja uso kama alivyokuwa akifanya mbele ya fomu iliyojazwa vibaya.

"Umeruhusiwa na nani kuingia?"

"Na wewe, mwalimu. Umesema karibu."

Alivuta pumzi kwa shida.

"Basi andika," akasema.

Amne aliandika, juu ya faili la Bwejuu, kwa kuwa ndiyo karatasi iliyokuwa karibu: tarehe, saa, na maneno "Nimeingia kwa karibu ya mgonjwa." Akamwonesha. Bi Mwanakheir hakusema tena mpaka gari lilipokuja, wala baada yake. Alifariki hospitali siku ya pili, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, siku ishirini kabla ya kutimiza miaka sitini na saba. Maryam, Anuar na Amne walikuwepo. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri, katika makaburi ya Mwanakwerekwe.

Karatasi ya Amne imeulizwa na wakubwa wake, nao wamekuja kutuhani na wamekaa pamoja nasi hapa, karibuni sana. Wametaka kujua ruhusa ya mwenye nyumba iko wapi. Familia inajibu kwamba mwenye nyumba alikuwa ni yeye. Hati ipo, ya mwaka 1996, tunaweza kuwaletea. Kuhusu majumba mengine, ambayo wanaolala ndani hawana hati, kifungu cha sita bado ni kiambatisho, na leo, Ijumaa, makomeo yao yako upande wetu.

Marehemu ameacha watoto watatu, Maryam, Anuar na Hamid, wajukuu watano, kaka yake Mzee Hamad Kheir wa Tumbatu, na Amne, aliyemwosha na kukaa matanga pamoja na watoto wa kumzaa. Ameacha madaftari kumi na moja ya mazungumzo ya mlangoni.

Mola wake amkaribishe yeye mwenyewe, bila ya kumngojesha nje, na amkutanishe na Bi Time. Alale salama, mama yetu. Amin.